Rahisi ghali: makazi ya mjini na vita dhidi ya umaskini

Kwa kaya ya kipato cha chini, nyumba ya mjini hudai fedha kwa njia nne. Kwanza kuna kodi ya pango au gharama ya kujenga. Pili kuna bei ya huduma zinazofika kwenye nyumba hiyo na zile zisizofika: maji, umeme, choo. Tatu ni nauli ya kwenda kwenye riziki. Nne ni hasara ya majanga, yaani mafuriko, maradhi, moto na bomoabomoa. Anayepunguza gharama moja mara nyingi huongeza nyingine, maana chumba cha bei rahisi huwa bondeni na kiwanja cha bei rahisi huwa mbali. Ndiyo maana mkopo wa biashara ndogo au nyongeza ya mshahara huweza kumezwa na nyumba kabla haujaonekana mezani.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi (UN-Habitat), lenye makao makuu Gigiri jijini Nairobi, hupima makazi ya mjini kwa vigezo vitano: jengo imara, nafasi isiyozidi watu watatu kwa chumba, maji salama, choo kinachofaa na uhakika wa kutofukuzwa. Kaya inayokosa hata kimoja huhesabiwa kuwa katika makazi duni. Lengo la 11 la Malengo ya Maendeleo Endelevu linataka kila mtu awe na makazi salama ya gharama anayoimudu ifikapo mwaka 2030. Dar es Salaam inafaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu karibu kila njia ya kulifikia lengo hilo imekwisha kujaribiwa humo.

Jiji lililojengwa na wakazi wake

Katika sensa ya mwaka 1967 jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa wa Dar es Salaam. Hakuna ofisi ya mipango miji iliyoweza kupima viwanja kwa kasi hiyo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa, kama Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti, Keko na sehemu kubwa ya Mbagala.

Ujenzi wa maeneo hayo una mtindo wake. Kiwanja hununuliwa kwa hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Msingi huchimbwa mwaka huu, kuta zikafika kwenye lenta mwaka unaofuata, bati zikangoja mchezo wa upatu uzunguke. Mara tu nyumba inapopauliwa, mwenyewe huhamia bila plasta na bila madirisha ili aokoe fedha ya pango. Benki haimo katika hesabu hiyo. Tanzania ilitunga sheria mahususi ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, lakini wenye mikopo hiyo bado ni maelfu machache tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60, na riba yake kwa miaka mingi imezunguka kati ya asilimia 15 na 19.

Nyumba inayotokea mara nyingi ni ile ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, jiko, bafu na choo uani. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wengi wa wenye nyumba hao si matajiri. Wapo wajane na wastaafu ambao kodi ya vyumba vitatu ndiyo pensheni yao. Hao kwa pamoja ndio wanaowapa maskini wa Dar es Salaam nyumba nyingi za kupanga, kuliko shirika lolote la umma au kampuni yoyote ya ujenzi.

Hesabu ya chumba kimoja

Mzigo wa mpangaji huanza na namna anavyotakiwa kulipa. Desturi ya mjini ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima, na juu yake fedha ya dalali inayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda, kilichoanza kutumika Januari 2023, kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Chumba cha shilingi 50,000 kinaonekana kuchukua theluthi moja ya mshahara huo. Lakini siku ya kuingia, mpangaji hutakiwa kuwa na shilingi 300,000 za kodi na 50,000 za dalali, ambazo ni zaidi ya mshahara wa miezi miwili. Fedha hiyo hutoka kwenye mtaji wa genge, kwenye ada ya mtoto au kwa mkopeshaji wa mtaani.

Sheria haimkingi sana. Iliyokuwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji yameachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao wenyewe. Mikataba mingi ni ya mdomo au karatasi moja. Kodi ikipanda ghafla, mpangaji hulipa au hufungasha.

Umeme nao una hesabu yake. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, mteja wa majumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wa kundi la matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Unafuu huo uliwekwa kwa ajili ya kaya zenye matumizi madogo. Sasa ichukuliwe nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla, kila mpangaji akitumia uniti 30. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 3,000 kabla ya kodi na tozo. Wakichangia mita moja, matumizi ya nyumba yanafika uniti 180, mita inaingia kundi la juu, na fungu la kila mmoja linakuwa shilingi 8,760. Wapangaji sita wa kipato cha chini wanalipa karibu mara tatu, kwa sababu tu wanakaa chini ya paa moja. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeanza kuilipa, hata kama jengo si lake. Kurudishiwa au kutorudishiwa kunategemea maelewano yake na mwenye nyumba.

Kwa maji hali ni hiyohiyo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Anayenunua ndoo kwa shilingi 100 hulipa shilingi 5,000 kwa uniti, zaidi ya mara mbili ya anayechota kwenye bomba lake mwenyewe. Muda wa foleni haumo kwenye hesabu hiyo, na mara nyingi ni muda wa mama na binti.

Bei ya bondeni

Choo cha shimo ndicho kinachotumika katika sehemu kubwa ya jiji, kwani mabomba ya majitaka yanafikia kaya chache. Shimo likijaa katika mtaa usiopitika kwa gari, machaguo huwa mawili. La kwanza ni kuwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni, kuchota kwa mikono na kufukia uchafu kwenye shimo jingine hapohapo uani. La pili ni kutapisha, yaani kutoboa choo wakati mvua kubwa inanyesha ili maji yabebe kila kitu kuelekea mtaroni. Njia zote mbili ni nafuu kwa mwenye nyumba na ni ghali kwa mtaa. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, kisha ukasambaa sehemu kubwa ya nchi. Kwa mama ntilie au kibarua, kipindupindu maana yake ni siku bila kipato, gharama za hospitali na biashara iliyofungwa kwa amri ya afisa afya.

Mafuriko hufuata mkondo huohuo wa bei. Bonde la Mto Msimbazi linakata katikati ya jiji, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, na kwa sababu ni hatari vyumba vyake vimekuwa vya bei ya chini. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati. Walipata ardhi kavu, lakini wabeba mizigo na wauza mboga wakajikuta mbali na soko. Baadhi walirudi bondeni.

Uamuzi wa kurudi hueleweka nauli inapowekwa kwenye hesabu. Kwa nauli ya shilingi 600 kwa gari moja, anayepanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni hutumia shilingi 2,400 kwa siku, na katika siku 26 za kazi shilingi 62,400. Fedha hiyo inatosha kulipia chumba uswahilini. Kibarua akipewa kiwanja bure Mabwepande, amepewa pia kodi mpya ya kila siku.

Kukaa karibu kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye ramani. Nyumba ya maskini ni mahali pa kazi. Vitumbua hukaangwa barazani, cherehani hukaa koridoni, barafu za ubuyu huuzwa dirishani, saluni huendeshwa chumbani. Wateja ni majirani, na anayekopesha unga hadi Ijumaa ni jirani pia. Kaya inapohamishwa hupoteza wateja na wakopeshaji hao siku moja. Fidia, inapolipwa, kwa kawaida huhesabu ardhi na jengo. Mpangaji, asiye na vyote viwili, huondoka na godoro lake.

Njia zilizojaribiwa

Baada ya uhuru, serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) mwaka 1962. Katika miaka ya mwanzo nyumba za udongo na makuti zilibomolewa na za matofali zikajengwa palepale. Fedha nyingi zilitumika na idadi ya nyumba haikuongezeka sana, kwani kila iliyojengwa ilitanguliwa na iliyobomolewa. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wapangaji wa katikati ya jiji walipata nafuu ya kodi, ila waliokuwa wakimiminika Manzese hawakuguswa.

Mwaka 1972 sera ilibadilika. Badala ya kubomoa, serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia ilipima viwanja na kuviwekea barabara na maji, wananchi wakajenga wenyewe. Ndivyo zilivyopatikana Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Sambamba na hilo, maeneo yaliyokwisha kujengwa kama Manzese yaliongezewa barabara na mabomba. Utafiti wa wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha aina hizo mbili miongo kadhaa baadaye. Maeneo yaliyopimwa kabla ya ujenzi yalikuwa na nyumba kubwa, imara na zenye mpangilio, na huduma zake zilikuwa bora zaidi. Yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakufikia hapo.

Matokeo hayo yanaipa nguvu hoja ya kupima mapema, lakini yana upande wa pili. Sinza ya leo si ya kibarua. Wenye elimu na kipato walivutwa na mpangilio wake, bei zikapanda, na wengi wasio na uwezo wakatafuta nafasi kwingine. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 na kufungua maeneo kama Kibada, Gezaulole, Mbweni na Buyuni, ulikwenda njia hiyohiyo kwa kasi zaidi: viwanja vilikuwa vikubwa, vililipiwa kwa fedha taslimu, na vilikuwa mbali. Mfanyakazi wa ofisini alinufaika, mpangaji wa Tandale akabaki Tandale. Kipimo cha viwanja, bei na umbali ndivyo vinavyoamua ni nani atakayekaa kwenye ramani nzuri.

Hanna Nassif, Kinondoni, ilionyesha jambo jingine. Kati ya mwaka 1994 na 2000, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) na wafadhili wengine, wakazi walichimba na kujenga mitaro na njia za mtaa wao kwa mkataba kati ya jumuiya yao na jiji. Fedha za ujenzi zikawa mishahara ya watu wa hapohapo, wanawake wakiwemo. Mafuriko yalipungua. Kodi za vyumba nazo zilipanda, neema kwa wenye nyumba na mzigo kwa wapangaji. Kila mradi wa kuboresha mtaa hukutana na tatizo hilo, na unaolipuuza huishia kuwahamisha walengwa wake kimyakimya.

Kwa upande wa umilikaji, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliruhusu leseni za makazi kwa walio kwenye maeneo yasiyopimwa. Utoaji wake Dar es Salaam ulianza mwaka 2004. Matumaini yalikuwa kwamba leseni ingefungua milango ya benki, lakini muda wake mfupi, miaka miwili hapo mwanzo, uliwafanya wakopeshaji kusita. Faida yake kubwa ni kwamba mkazi anatambuliwa, na anayetambuliwa ana hoja ya kudai fidia. Utafiti mmoja wa kiuchumi uliofanyika katika makazi ya aina hiyo jijini, uliochapishwa mwaka 2016, uligawa vocha za punguzo la gharama ya hati. Baadhi ya vocha zilikuwa na sharti kwamba jina la mwanamke liandikwe kwenye hati kama mmiliki mwenza. Hamu ya watu kutafuta hati haikupungua kwa sharti hilo, na wanawake walioandikwa waliongezeka sana. Ni sharti lisilogharimu karibu kitu, nalo humlinda mjane asifukuzwe na shemeji.

Wengine hawakungoja mradi. Upanuzi wa bandari ulipolikumba eneo la Kurasini mwishoni mwa miaka ya 2000, wanachama wa Shirikisho la Watu Maskini wa Mijini waliweka akiba na kununua ekari 30 Chamazi, wilayani Temeke. Nyumba zilijengwa kwa hatua, vyumba vikiongezwa kadiri fedha zilivyopatikana, na kisima kikachimbwa. Umiliki waliupata, pamoja na safari ndefu ya kwenda mjini. Hata chama imara hakiwezi kununua ardhi karibu na bandari kwa akiba ya shilingi mia mbili mbili.

Ghorofa za umma zimefanya kazi pale zilipowarudisha watu walewale. Magomeni Kota, zilikovunjwa nyumba za zamani, kaya 644 zilisubiri miaka mingi hadi Wakala wa Majengo ulipokamilisha maghorofa yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Wakazi walirudi karibu na Kariakoo na barabara ya mabasi ya mwendokasi. Ila kaya 644 ni chache mno ukilinganisha na upungufu wa nyumba nchini, ambao kwa miaka mingi umekadiriwa kuwa milioni 3, na mahitaji mapya ya takriban nyumba 200,000 kila mwaka.

Kenya imechagua kuanza na fedha. Ibara ya 43 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inataja makazi yanayofaa kuwa haki, na sheria ya mwaka 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Nairobi, hata hivyo, ina ugumu ambao Dar es Salaam haina kwa kiwango hicho: vyumba vingi vya mabati vya Mukuru, Mathare au Kibera ni mali ya watu wasioishi humo. Mwenye nyumba anayelala chumba cha pili hujali choo kikijaa. Anayekaa kwingine hujali tarehe ya kodi. Mukuru ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017 ili barabara, maji na majitaka vipangwe pamoja na wakazi kabla ya kuzungumzia maghorofa.

Yanayopasa kutangulia

Uzoefu huu unapanga mambo kwa uzito wake. Linaloleta nafuu ya haraka kwa wengi ni kuboresha mitaa iliyopo: mitaro, njia za gari la kunyonya vyoo, mabomba ya maji na mita ya umeme kwa kila kaya inayopanga. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, utapimwa kwa hatima ya waliohamishwa pamoja na ubora wa ujenzi wake.

La pili ni sheria ya upangaji inayoruhusu kodi ya mwezi kwa mwezi, mkataba wa maandishi na notisi ya muda unaoeleweka. Halihitaji saruji wala mkopo wa nje, na kwa mwenye mshahara wa shilingi 150,000 lingefungua mtaji uliofungwa kwenye kodi ya miezi sita. Wenye nyumba wadogo nao wanahitaji kitu katika mapatano hayo, kwa mfano mkopo mdogo wa kujenga choo bora au kuongeza vyumba, kwa sharti la kutopandisha kodi ghafla.

La tatu ni viwanja vipya vidogo, vilivyopimwa kabla watu hawajafika, vyenye bei inayolipika kwa awamu, kando ya njia za mabasi ya mwendokasi badala ya pembezoni. Sinza inathibitisha kwamba kupima mapema kunalipa kwa miongo mingi. Kibada na Buyuni zinathibitisha kwamba kupima bila kufikiria mfuko wa mnunuzi kunawahudumia wengine.

Ghorofa za umma zina nafasi yake pale ardhi ya katikati ya jiji inapojengwa upya, mradi wa kwanza kurudi wawe waliokuwepo, wapangaji wakiwemo, na ghorofa ya chini iachiwe biashara. Lakini hazitaweza peke yake kuwafikia mamilioni. Kwa fedha kidogo zilizopo, mitaro, maji na sheria ya upangaji vitangulie, maghorofa yafuate.